Mtetemo wa Injini na Kuvunjika kwa Vipuri katika Pawatila Kuukuu: Mwongozo kwa Wakulima na Waendeshaji

Katika skimu za mpunga za Usangu, Kilombero, Dakawa na Lower Moshi, mlio wa pawatila ndio unaotangaza kuwa msimu wa kulima umeanza. Matrekta haya madogo ya kuongozwa kwa mkono yamekuwapo katika baadhi ya maeneo hayo tangu miaka ya 1980, na yaliongezeka kwa kasi baada ya kuzinduliwa kwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009. Nyingi ya zana zilizonunuliwa na halmashauri, vikundi vya wakulima na watu binafsi katika kipindi hicho bado zinafanya kazi. Zimelima, zimevuta tela la magunia, zimesukuma pampu za maji na zimeendesha mashine za kupura.

Umri huo una gharama yake. Malalamiko yanayosikika mara kwa mara kutoka kwa wamiliki wa pawatila kuukuu ni mawili, na aghalabu huja pamoja: injini inatetema kuliko zamani, na vipuri vinavunjika mara kwa mara. Bolti hukatika, bomba la dizeli hupasuka, kishikio cha silensa hung'oka, fremu hupata ufa. Kila kipuri kinapobadilishwa, baada ya siku chache kingine huvunjika pahali palepale. Kwa mkulima ambaye maji ya mfereji hufika shambani kwake kwa zamu, siku tatu za pawatila kusimama zinaweza kumaanisha kukosa zamu na kupanda kwa kuchelewa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha mtetemo huo, namna ya kuutafuta kwa mpangilio, namna sahihi ya kutengeneza kilichovunjika, na mambo ambayo kwa usalama wa mwendeshaji hayapaswi kufanywa kabisa.

Kwa nini injini ya silinda moja hutetema

Pawatila nyingi hutumia injini ya dizeli ya silinda moja iliyolazwa. Mfano unaojulikana sana ni injini za muundo wa S195, ambazo silinda yake ina kipenyo cha milimita 95, pistoni husafiri milimita 115, na kasi yake ya kazi ni mizunguko 2,000 kwa dakika. Hesabu ndogo inasaidia kuelewa kinachotokea ndani yake. Mizunguko 2,000 kwa dakika ni takribani 33 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni husimama na kugeuka mara mbili, yaani zaidi ya mara 60 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kila kilo moja ya uzito unaokwenda na kurudi pamoja na pistoni huivuta injini kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 250, mara mbele, mara nyuma.

Injini yenye silinda nne hupunguza nguvu hizo kwa kuwa pistoni mbili zinapokwenda upande mmoja, nyingine mbili huelekea upande wa pili. Silinda moja haina mwenzake wa kuipoza. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka uzani wa kusawazisha kwenye kranki, na katika injini nyingi za aina hii huongeza shafti za usawazisho ambazo huzungushwa na gia kinyume na mwelekeo wa nguvu ya pistoni. Hata hivyo, mtetemo hupungua tu, hauishi. Pawatila mpya kabisa nayo hutetema.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba nguvu hii haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikipanda kwa asilimia 20, kutoka mizunguko 2,000 hadi 2,400, nguvu ya mtetemo hupanda kwa asilimia 44. Ndiyo maana desturi ya kukaza springi ya gavana ili pawatila ikimbie zaidi inapovuta tela barabarani ni miongoni mwa sababu kubwa za kuvunjika kwa vipuri. Mwendeshaji huona amepata mwendo. Konrodi, bolti na fremu ndizo zinazolipa.

Mtetemo wa kawaida na mtetemo wa hatari

Mwendeshaji aliyezoea chombo chake hutambua mabadiliko kabla ya fundi. Yafuatayo ni mabadiliko yanayotaka injini izimwe mara moja na isiwashwe tena hadi ikaguliwe:

• Mtetemo ulioongezeka ghafla wakati wa kazi, hasa ukiambatana na mlio wa chuma kugonga chuma.
• Flaiwili inayoonekana kuyumba inapozunguka, badala ya kuzunguka kwa mstari mmoja.
• Mgongo mzito kutoka ndani ya injini unaozidi injini inapobebeshwa mzigo.
• Oili yenye chembe za chuma zinazong'aa inapomwagwa.
• Dizeli au oili inayorushwa kutoka kwenye bomba au kiungo chochote.

Mtetemo unaoongezeka polepole kwa wiki au miezi si wa dharura kwa kiasi hicho, lakini nao haupaswi kuzoeleka. Injini inayofanya kazi saa nane kwa siku kwa mizunguko 2,000 kwa dakika huzunguka mara 960,000 kwa siku hiyo moja. Bolti iliyolegea kidogo tu hupigwa karibu mara milioni moja kabla ya jua kutua.

Kutafuta chanzo: injini au kinachoendeshwa na injini?

Kosa la kawaida ni kuanza kufungua injini kabla ya kuthibitisha kuwa tatizo liko ndani yake. Upo mtihani rahisi usiohitaji gharama. Zima injini, subiri flaiwili isimame kabisa, kisha toa mikanda inayopeleka nguvu kutoka kwenye puli ya injini kwenda kwenye klachi. Washa injini kwa muda mfupi, kwa kasi ndogo na kisha ya wastani.

Iwapo mtetemo umetoweka, chanzo kiko nje ya injini: mikanda, puli, klachi, giaboksi, magurudumu au visu vya kulimia. Iwapo mtetemo umebaki vilevile, chanzo ni injini yenyewe au namna ilivyofungwa kwenye fremu.

Hatua ya pili ni kusikiliza mtetemo unavyobadilika kadiri kasi inavyopanda. Mtetemo unaotokea katika kasi moja tu na kupungua kasi ikipita hapo, mara nyingi huashiria kipande kilicholegea au fremu yenye ufa ambayo inaitikia mdundo wa injini. Mtetemo unaozidi kukua kila kasi inapopanda huashiria kukosekana kwa usawazisho. Mtetemo usio na mdundo maalumu, injini ikiruka pigo na kutoa moshi mweusi au mweupe, huashiria tatizo la uchomaji wa mafuta.

Hatua ya tatu ni kujiuliza swali la historia: mtetemo ulianza lini? Kama ulianza mara baada ya injini kufunguliwa na fundi, jibu huwa ndani ya kazi iliyofanyika. Kama ulianza baada ya visu kugonga kisiki au jiwe, tazama visu na shafti yake kwanza. Kama ulianza baada ya kubadilishwa puli, puli hiyo ndiyo mshukiwa.

Ukaguzi kwa mpangilio, kuanzia kisicho na gharama

Bolti za kufungia injini. Hiki ndicho chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Injini ya pawatila hufungwa kwenye fremu kwa bolti nne, na matundu yake hufanywa marefu ili injini isogezwe kukaza mikanda. Bolti zikilegea, injini hucheza na kuyatanua matundu hayo. Safisha tope na oili, kisha angalia kwa makini. Unga mwekundu kama kutu kuzunguka kichwa cha bolti, au sehemu ya chuma iliyong'aa ilhali pembeni kuna rangi, ni ushahidi kuwa vipande viwili vinasuguana. Kukaza tu hakutoshi ikiwa tundu limekwisha kutanuka. Weka washa nene na pana inayofunika tundu lote, tumia bolti mpya za kipimo kilekile, na funga kwa nati mbili au nati ya kujifunga. Kaza bolti moja moja kwa mshazari, si upande mmoja kwanza.

Fremu na vishikio. Pitisha mkono na macho kwenye kila kona iliyochomelewa. Ufa mdogo huonekana vizuri zaidi chuma kikipakwa dizeli, kikapanguswa kikavu na kisha kunyunyiziwa vumbi la chaki: dizeli iliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya chaki. Angalia pia mipira ya vishikio vya mkono. Ikikauka na kupasuka, mtetemo wote hupelekwa mikononi mwa mwendeshaji.

Mikanda na puli. Mikanda yote ya seti moja hubadilishwa kwa pamoja. Mkanda mpya ukiwekwa kando ya mikanda iliyotanuka, hubeba mzigo peke yake na kupigapiga. Nyoosha uzi kutoka ukingo wa puli ya injini hadi ukingo wa puli ya klachi. Uzi uguse kingo zote bila kupinda. Puli iliyomegeka ukingo au iliyochomelewa haiko sawa kwa uzito na inapaswa kubadilishwa.

Visu na magurudumu. Kisu kimoja kilichovunjika upande mmoja wa shafti kinatosha kuitikisa pawatila nzima wakati wa kulima. Visu vya kulia na vya kushoto havifanani, na mpangilio wake umewekwa ili viingie ardhini kwa zamu. Vikifungwa ovyo, viwili au vitatu huingia kwa pamoja na kuipiga giaboksi. Tope lililoganda upande mmoja wa magurudumu ya chuma nalo huleta yumbo, na dawa yake ni maji na brashi.

Mfumo wa mafuta. Chujio lililoziba, hewa ndani ya mabomba au nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu huifanya injini iruke pigo. Katika injini ya silinda moja, pigo moja likikosekana hakuna lingine la kuziba pengo, na mshtuko huo huingia moja kwa moja kwenye fremu. Safisha tanki, badilisha chujio, toa hewa, na peleka nozeli kwa fundi mwenye pampu ya kuipima shinikizo. Nafasi za valvu nazo zipimwe injini ikiwa ya baridi, kwa kufuata kipimo cha kitabu cha mtengenezaji.

Flaiwili. Nati inayofunga flaiwili kwenye kranki ikilegea, flaiwili hucheza na kukimega kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isiteleze, ambacho mafundi hukiita kii. Dalili yake ni mgongo unaobadilika mwendeshaji anapoongeza au kupunguza mafuta. Flaiwili ni chuma kizito mno, na ikichomoka inaweza kuua. Usijaribu kuikaza injini ikiwa inazunguka, wala usisimame mbele au ubavuni mwake kuisikiliza. Kazi hii ni ya fundi aliyehitimu mwenye spana ya kupima mkazo, kwa kuwa nati hiyo ina kipimo chake cha kukazwa.

Shafti za usawazisho. Gia zinazoendesha shafti hizi zina alama ndogo zilizochongwa na kiwanda. Alama hizo zisipokutanishwa sawasawa injini inapofungwa, uzani uliokusudiwa kupunguza mtetemo huuongeza. Injini itawaka vizuri, itakuwa na nguvu, lakini itatetema kupita kiasi. Wapo wamiliki waliobadilisha pistoni, konrodi na beringi bila nafuu, kumbe tatizo lilikuwa jino moja la gia. Kabla fundi hajaitoa gia yoyote, aziangalie alama na kuzipiga picha kwa simu.

Kranki, konrodi na beringi. Mgongo mzito wa ndani, shinikizo dogo la oili na chembe za chuma kwenye oili huashiria kuwa beringi za konrodi zimekwisha. Injini iliyofika hapo isiendeshwe hata kwa "kumalizia kipande kilichobaki." Konrodi ikikatika hutoboa ukuta wa injini, na matengenezo ya beringi huwa yamegeuka kuwa ununuzi wa injini nzima.

Kipuri kilichovunjika ni shahidi

Kipuri kilichovunjika kisitupwe kabla ya kuchunguzwa. Uso wa sehemu iliyovunjika hueleza namna kilivyovunjika, na yeyote anaweza kuusoma.

Uso ukiwa na sehemu laini yenye mistari iliyopinda mithili ya alama za maji yanayopwa ufukweni, na sehemu nyingine iliyo mbaya yenye chembechembe, kipuri hicho kilichoka. Ufa ulianza zamani mahali padogo, ukaendelea siku hadi siku kwa kila pigo la mtetemo, hadi chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Kadiri sehemu laini ilivyo kubwa, ndivyo mzigo wa mwisho ulivyokuwa mdogo. Bolti ya namna hii haikushindwa kwa sababu ilikuwa nyembamba. Mara nyingi ilishindwa kwa sababu ililegea. Kuweka bolti nene zaidi bila kuondoa chanzo cha mtetemo ni kuuhamishia uchovu huo kwenye kipuri kinachofuata.

Uso ukiwa mbaya kote, bila mistari, kipuri kilizidiwa kwa pigo moja: kisiki, jiwe, tela lililojazwa kupita kiasi au bolti iliyokazwa kupita kipimo. Uso ukiwa na kutu ya zamani upande mmoja na chuma kipya upande mwingine, ufa huo ulikuwapo muda mrefu na ungeonekana kwenye ukaguzi.

Kuchagua bolti mbadala

Juu ya kichwa cha bolti ya chuma yenye ubora unaojulikana huandikwa namba kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza huonyesha nguvu ya kukatika na ya pili uwiano wa nguvu ambayo bolti huivumilia kabla ya kunyooka na kutorudi. Bolti iliyoandikwa 8.8 haipaswi kubadilishwa kwa bolti isiyo na namba, wala kwa kipande cha nondo kilichochongwa nyuzi. Bolti za konrodi ni suala la pekee: hununuliwa mpya, zote mbili kwa pamoja, kila injini inapofunguliwa kwa kiwango hicho, na hukazwa kwa kipimo cha kitabu. Bolti hizo zikikatika, injini huharibika papo hapo.

Bolti ikikatikia ndani, isipigwe kwa patasi. Imwagiwe mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa usiku kucha. Fundi mwenye uzoefu anaweza kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki na kukifungua kwa spana chuma kikiwa bado na joto.

Kuchomelea: nini kinafaa na nini hakifai

Fremu ya chuma cha kawaida inaweza kuchomelewa na kudumu, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwanza, toboa tundu dogo kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee mbele. Pili, chonga ufa wote uwe mfereji ili chuma cha kuchomelea kiingie hadi chini, badala ya kupakwa juu tu. Tatu, chomelea, acha kipoe taratibu, kisha ongeza kiraka cha bamba ambacho ncha zake zimechongwa mshazari. Kiraka chenye ncha zilizokatwa wima huhamishia mkazo kwenye mstari mmoja, na fremu hupasuka tena kando yake.

Vipande vya chuma cha kalibu, kama vile miguu ya injini na ganda la giaboksi, havichomelewi kwa vijiti vya kawaida. Huhitaji vijiti vya nikeli, kupashwa joto kabla ya kazi na kupozwa polepole. Visipofanyiwa hivyo, hupasuka tena vinapopoa, mara nyingine kwa mlio unaosikika.

Vipo vipuri ambavyo havichomelewi kamwe: konrodi, kranki, flaiwili na bolti zake. Tanki la mafuta nalo lisichomelewe hata kama limemwagwa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani yake unaweza kulipuka.

Kabla ya kuchomelea popote kwenye pawatila, tanki la dizeli litolewe, betri kama ipo ifunguliwe nyaya, na waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ufungwe karibu kabisa na mahali pa kazi. Waya huo ukifungwa upande wa pili wa chombo, umeme hupitia ndani ya beringi za injini na giaboksi na kuziunguza bila fundi kujua.

Usalama na afya ya mwendeshaji

Mtetemo hauchakazi chuma pekee. Anayeshika vishikio vya pawatila kwa saa nyingi kila siku, msimu baada ya msimu, anaweza kupata madhara ya mishipa ya damu na ya fahamu mikononi: ganzi, kuchomwachomwa kwenye ncha za vidole, na kupungua kwa nguvu ya kushika. Ganzi inayoondoka baada ya dakika chache za kupumzika ni onyo. Ganzi inayobaki hadi usiku ni sababu ya kumwona mtoa huduma za afya na kumweleza aina ya kazi inayofanyika. Inashauriwa waendeshaji wabadilishane zamu, wapumzike katikati ya kazi, na washike vishikio kwa nguvu inayotosha tu kuongoza chombo. Glavu huzuia michubuko, lakini hazitoi kinga kamili dhidi ya mtetemo.

Hatari nyingine ni bomba la shinikizo kati ya pampu ya dizeli na nozeli. Bomba hili hupasuka kwa uchovu linapokuwa halina kishikio chake. Usitafute tundu lake kwa kidole wakati injini inawaka. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Dizeli inayotoka kwa shinikizo hilo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na jeraha linaloonekana kama la sindano linaweza kusababisha kukatwa kidole au mkono. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mhudumu aelezwe wazi kuwa ni dizeli ya shinikizo.

Wakati wa kuwasha kwa mkono, kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, si kuzunguka mshikio, ili mkono uachie kwa urahisi injini ikirusha nyuma. Kinga za mikanda zilizotolewa wakati wa matengenezo zirudishwe kabla ya injini kuwashwa kwa kazi.

Kununua vipuri na kupata huduma

Mmiliki anashauriwa kunakili maelezo ya kibati cha injini, yaani jina la muundo na namba ya injini, na kwenda dukani na kipuri cha zamani mkononi. Vipuri vya injini zinazofanana kwa sura vinaweza kutofautiana kwa milimita chache tu, na tofauti hiyo inatosha kuleta mtetemo mpya. Pistoni mbadala ipimwe uzito dhidi ya ile ya zamani. Ikizidi au kupungua kwa kiasi kinachoonekana, usawazisho wa injini umebadilika. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila ununuzi, kwa kuwa bila risiti ni vigumu kudai haki kipuri kikionekana kuwa hafifu. Malalamiko kuhusu ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na yale ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Kwa ushauri wa kiufundi, Kituo cha Zana za Kilimo na Ufundi Vijijini (CAMARTEC) kilichopo Arusha kinashughulika na zana za kilimo, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lina ofisi mikoani. Vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha ufundi wa mitambo na uchomeleaji, na vijana wa vikundi vya umwagiliaji wanaweza kujiunga na mafunzo hayo. Ofisa kilimo wa kata au wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza wa kuzifikia huduma hizi.

Kutengeneza au kuachana nayo

Si kila pawatila inapaswa kutengenezwa. Ikiwa ukuta wa injini una ufa, kranki imepinda na giaboksi inavuja kwa pamoja, gharama ya vipuri na ufundi inaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Katika hali hiyo, kubadilisha injini nzima ni uamuzi wa busara, mradi injini mpya ilingane na ile ya zamani kwa matundu ya kufungia, mwelekeo wa kuzunguka, kasi ya kazi na ukubwa wa puli. Injini yenye nguvu kubwa kuliko ile iliyokusudiwa huhamisha tatizo: klachi na giaboksi ndizo zitakazovunjika. Kwa upande mwingine, pawatila yenye mtetemo wa bolti zilizolegea, mikanda iliyochoka na nozeli chafu haijazeeka kwa maana hiyo, imekosa matunzo.

Ukaguzi wa kila siku na wa kila msimu

Yafuatayo yakizingatiwa, matatizo mengi yaliyoelezwa hayatafikia hatua ya kuvunja kitu:

• Kila asubuhi kabla ya kazi: pima oili, tazama maji ya kupozea, kagua bolti nne za injini, nati za magurudumu na bolti za visu.
• Kila jioni: osha tope, tazama mavujo na nyufa mpya wakati chuma kikiwa safi.
• Baada ya siku ya kwanza ya kazi kufuatia matengenezo yoyote: kaza upya bolti zilizofunguliwa, kwa kuwa vipande vipya hukaa sawa baada ya kupata joto na mzigo.
• Kabla ya msimu: badilisha oili na chujio, pima nafasi za valvu, kagua mikanda, puli na mipira ya vishikio. Oili chafu isimwagwe mferejini wala shambani.
• Wakati wote: andika katika daftari tarehe, saa za kazi, kipuri kilichobadilishwa na mahali kilipovunjika.

Daftari hilo la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana. Bolti ileile ikiandikwa mara tatu katika msimu mmoja, mmiliki anajua kuwa bolti si tatizo, na fundi anajua pa kuanzia. Kwa vikundi vinavyomiliki pawatila kwa pamoja, ambako waendeshaji hubadilika na kila mmoja huamini mwenzake ndiye aliyekaza, daftari ndilo linaloonyesha nani alikagua nini na lini.

Muda mzuri wa kufanya kazi hii si siku maji yanapofunguliwa mferejini. Ni sasa, kabla ya mvua, wakati fundi ana nafasi, maduka ya vipuri hayana msongamano, na pawatila inaweza kukaa wazi karakana kwa siku mbili bila shamba la mtu kulala.